Usinunue Choki ya Nne

Mdogo wangu mmoja aliyeko Missouri, Marekani, ameniandikia kwa uchungu. Ana bunduki ya marisau, geji 12, aliyoinunua mkononi kwa jirani. Msimu uliopita alikaa chini ya mti tangu alfajiri, batamzinga dume akaja amejitanua mabawa na mkia kama bwana harusi, akasimama hatua kumi na tano hivi. Kijana akafyatua. Ndege akaondoka zake mzima. Tangu siku hiyo amenunua choki tatu, kila moja inabana kuliko mwenzake, na sasa anauliza: "Dada, ya nne ninunue ipi?"

Usinunue. Vuta kiti tuzungumze.

Nianze na wale wanaomjua batamzinga wa kufugwa tu, yule wa kuchinjwa Krismasi. Wa porini huku Marekani ni mwembamba, ana mbio, na macho yake ukipangusa pua tu ameshakuona. Anawindwa sana majira ya kuchipua, ambayo mimi bado nayaita masika ingawa mwaka wa ishirini huu niko ugenini, na Missouri msimu wake huanza Aprili. Mwindaji hampigi mwilini. Kifua kimejaa manyoya na nyama nene. Ukimpiga hapo anaruka na jeraha lake akafie msituni, na hiyo ni dhambi mbili kwa mpigo. Anapigwa kichwani na shingoni, mahali pembamba kama mkono wa mtoto. Ndiyo maana watu wanahangaika na choki.

Choki yenyewe ni kipande kifupi cha bomba la chuma kinachokazwa kwenye mdomo wa mtutu ili marisau yasitawanyike mapema. Mtutu wa geji 12 kwa kawaida una upana wa inchi 0.729 ndani. Choki iliyochapwa neno Full huubana hadi karibu inchi 0.695, zile zinazouzwa kwa ajili ya batamzinga hushuka hadi 0.660 na chini yake. Unaona tofauti yenyewe? Kati ya mtutu mtupu na hiyo Full haifiki hata milimita moja. Lakini kwenye yadi 40 milimita hiyo ndiyo inayoamua kama marisau yatafika yakiwa fungu au yatafika kama mchele uliomwagika.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hakukwambia, pengine kwa sababu hukumuuliza. Choki ya batamzinga imekusudiwa mbali. Kwenye hatua kumi na tano fungu la marisau bado ni kama sahani ya kikombe cha chai, na kwenye hatua kumi linakaribia ngumi. Umebeba bunduki ya marisau, lakini kwa umbali huo ni kama unapiga risasi moja. Ukikosea kwa upana wa kiganja umekosa kabisa. Na wewe umejibu kosa la karibu kwa kununua choki inayobana zaidi!

Sikucheki, maana yamenipata. Msimu wangu wa kwanza muuzaji wa duka fulani aliniuzia choki kali kuliko zote alizokuwa nazo, nami nikalipa kwa furaha. Ndege alikuja hadi hatua tisa. Nikataka kumwona vizuri, nikainua shavu kidogo tu kutoka kwenye kitako, nikafyatua. Marisau yote yakapita juu ya kichwa chake yakakata tawi. Tawi hilo ninalo mpaka leo, mume wangu amekataa nilitupe.

Lililotokea ni hili. Bunduki nyingi za marisau zina kitone kimoja tu mbele, kile tunachokiita ushanga. Nyuma hakuna kitu. Cha nyuma ni jicho lako mwenyewe. Shavu likipanda, jicho limepanda, na mtutu unaelekea juu bila wewe kujua, kwa sababu ushanga bado unauona umekaa pale pale juu ya ndege.

Basi kabla ya kutoa dola nyingine, fanya kazi ya karatasi. Tafuta karatasi pana ya kufungia bidhaa, mita moja kwa mita moja, chora kichwa na shingo katikati, ibandike mahali penye kingo ya udongo nyuma. Vaa vizibo vya masikio na miwani. Uitegemeze bunduki juu ya mfuko wa mchanga ili mkono wako usiingie kwenye hesabu. Anza karibu, yadi 20 hivi, kwa risasi nyepesi za bei nafuu, uone tu marisau yanaelekea wapi. Kisha rudi nyuma hadi yadi 40, utumie risasi utakazowindia, angalau tatu za kila aina, kila moja na karatasi yake. Andika pembeni: choki, risasi, umbali. Usiseme utakumbuka.

Halafu chora duara mbili zenye upana wa inchi 10. Ya kwanza, kitovu chake kiwe pale ulipolenga. Ya pili uizungushe pale matundu yalipojaa zaidi. Hesabu matundu ya kila duara. Kipimo cha mkononi cha wawindaji ni matundu 100 ndani ya inchi 10. Kama duara zote mbili ni chache, choki na risasi zako hazipatani, au uko mbali kuliko uwezo wa bunduki. Kama ya pili imejaa na ya kwanza iko tupu, choki haina kosa lolote. Marisau yako yanakwenda pamoja vizuri sana, yanakwenda pengine tu. Hapo hata ukinunua choki kumi utakuwa unakaza fungu linalokosa.

Nakisia, kwa simulizi lako, kwamba yako ni hii ya pili. Dawa yake ni kilengeo, yaani kile cha kulengea kilicho juu ya mtutu. Cha bei ndogo ni vile vyenye vitone vya rangi vinavyokusanya mwanga: viwili nyuma, kimoja mbele, unavipanga mstari mmoja. Uzuri wake ni kwamba shavu likiinuka utaona mara moja mstari umevunjika. Bunduki yenyewe inakusuta. Ubaya wake vinataka mwanga, na batamzinga wengi huja wakati ambao bado unajiuliza kama kumekucha. Cha pili ni kile kioo kidogo chenye nukta nyekundu ndani. Hiki nakipenda zaidi, hasa kwa mtu ambaye shavu lake bado halijajifunza, kwa sababu popote unapoiona nukta ndipo yatakapokwenda marisau, hata kichwa kikiwa hakijakaa sawasawa. Vyote viwili vinasogezwa kwa skrubu mpaka zile duara mbili zilaliane. Ushanga huwezi kuusogeza. Ila nukta ina betri, na betri huisha. Na alfajiri ipunguze mwanga wake, la sivyo itawaka kama taa ya pikipiki na kukificha kichwa unachokitafuta.

Turudi kwenye choki, maana najua bado inakuwasha. Zile tatu ulizonazo zijaribu zote kwenye karatasi, pamoja na ile Full ya zamani iliyokuja na bunduki. Usishangae ikishinda. Choki inayobana kupita kiasi huyakwaruzanisha marisau ya risasi laini, yanapoteza umbo na kukimbilia pembeni. (Kiswahili nacho kimetuachia neno moja kwa madini na kwa kinachofyatuliwa, hapa nasema madini.) Zingatia pia ukubwa wa chembe. Aunsi moja ya namba 4 ina chembe kama 135, namba 5 kama 170, namba 6 kama 225. Namba 4 ni nzito zaidi kila chembe, lakini ni chache kujaza duara. Mimi naishia namba 5 na silaumu wa namba 6. Missouri hairuhusu chembe kubwa kuliko namba 4. Yako pia marisau ya tangsteni, mazito kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu, ndiyo maana watu wanapiga chembe ndogo za namba 9 na bado zinaua. Bei yake itakutoa machozi. Ukiyachagua, soma maandishi ya choki kwanza: iliyoandikwa kuwa ni ya risasi tu, usiipitishie kitu kigumu kuliko hicho.

Na bunduki ya mkononi ina mitego yake. Nyuzi za choki za kampuni ya Remington haziingiliani na za kampuni ya Mossberg. Ukilazimisha utaharibu mtutu. Hata ndani ya Mossberg, ile modeli ya 835 ina mtutu mpana kuliko geji 12 ya kawaida, karibu inchi 0.775, kwa hiyo namba ya choki inayofaa kwa mwenzako haina maana kwako. Kabla ya kugusa mdomo wa mtutu toa risasi zote, angalia kwa macho, papasa kwa kidole. Kisha kaza choki, kwa sababu hulegea kila baada ya risasi chache.

Umeuliza mwishoni, kama vile si jambo, kuhusu binamu yako aliyekuja kusoma na anataka kuongozana nawe. Hilo ndilo kubwa kuliko choki. Sheria ya shirikisho humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda kushika bunduki, isipokuwa awe na msamaha unaotajwa na sheria, na leseni halali ya kuwinda ni mmojawapo. Asiishike hata kwa picha kabla hajapata karatasi zake na kumwuliza wakili wa uhamiaji. Na Missouri, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye anatakiwa awe amepita mafunzo ya uwindaji. Mwambie pia asivae nyekundu, nyeupe wala buluu, maana ndizo rangi za kichwa cha batamzinga, na msituni kuna watu wenye haraka.

Swali la uhalali wa nyama ya marisau mpeleke kwa sheikh wako, wenyewe wana maneno juu yake. Mimi hupiga bismillahi kabla ya kidole kugusa kifyatuo, na kisu kiko mfukoni.

Mwezi wa tatu nitumie picha ya ile karatasi yenye duara mbili. Risiti ya dukani sitaki kuiona.