Mkimya si Mgonjwa: Kibonzo Kinaweza Kumsemea



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya hatutazungumzia malaria wala lishe. Tutamzungumzia mtu aliyemo karibu katika kila familia ya parokia zetu: mtu mkimya. Haji hospitali kwa ajili ya ukimya wake, kwa sababu haumwi. Na siku akiumwa kweli, mara nyingi hasemi. Tutaona jinsi kitu kidogo kama kibonzo, yaani mchoro wa kuchekesha, kinavyoweza kuwasaidia watu wa nyumbani kumwelewa, na pengine hata kuokoa afya yake.

BINTI NA VYOMBO VYAKE

Mama mmoja alituletea binti yake wa miaka 14. Alisema, "Sista, mtoto huyu ana kitu. Wageni wakija anajificha jikoni. Kwaya hataki. Shangazi zake wanasema ana mapepo, baba yake anasema ni kiburi."

Tulimpima. Homa hakuwa nayo, damu ilitosha, masikio yalisikia vizuri. Alikula, alilala, alifanya vizuri darasani, na alikuwa na rafiki mmoja waliyependana sana. Lakini kila tulipomwuliza swali, aliyejibu ni mama. Basi tukampa karatasi na penseli, tukamwomba achore siku ya wageni nyumbani kwao. Sisi na mama tukatoka nje.

Tuliporudi tulikuta picha tatu. Katika ya kwanza sebule imejaa wageni, vinywa wazi, naye yuko jikoni anaosha vyombo. Katika ya pili vyombo vinang'aa, wageni bado wapo, naye anaviosha tena. Katika ya tatu wageni bado wapo, vyombo vimekwisha kabisa, naye anaosha kipande cha sabuni.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Kumbe ndiyo maana siku za wageni sufuria zangu zinang'aa hivi!" Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Hata mimi nilipokuwa msichana, nyumba ikijaa watu nilikuwa nachukua ndoo nakwenda kisimani, hata kama mtungi umejaa." Binti aliinua macho akamtazama mama yake. Hatukuandika dawa yoyote siku ile.

UKIMYA HUU NI NINI?

Mwaka 1921 daktari mmoja wa Uswisi, Carl Jung, alitoa kitabu kuhusu aina za tabia za watu. Alieleza kwamba wako watu ambao mawazo na nguvu zao huelekea nje, kwa watu na mambo yanayowazunguka. Na wako ambao huelekea ndani. Hakuna aliye wa upande mmoja tu. Kila mtu anazo tabia zote mbili, ila moja huzidi.

Tutoe mfano. Mnakumbuka betri za redio zinapoisha nguvu, watu huzianika juani ili ziimbe tena kidogo. Mtu mchangamfu jua lake ni watu: akitoka kwenye harusi usiku wa manane bado ana nguvu za kusimulia. Mkimya naye huipenda harusi, tena huwapenda maharusi, lakini baada ya saa mbili betri zimekwisha. Jua lake yeye ni kukaa peke yake kidogo.

Yafaa tutenganishe ukimya na aibu. Mwenye aibu angependa kusema lakini anaogopa watu watamwonaje. Mkimya anaweza kusema bila woga wowote, ila hana haja ya kusema kila wakati, na makundi humchosha. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, lakini si kitu kimoja.

Kwetu maisha ni ya watu wengi: nyumba moja yenye ndugu kumi, misiba, harusi, Jumuiya, salamu ndefu njiani. Hili ni jema, na wagonjwa wengi wamepona kwa sababu hawakuachwa peke yao. Lakini ndani yake mkimya huhukumiwa upesi. Huambiwa anaringa. Mwingine husemwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, kana kwamba anapanga uovu. Mtoto hulazimishwa, huchapwa, au huzungushwa kwa waganga kwa jambo ambalo si ugonjwa.

VIBONZO VINASAIDIAJE?

Wenye umri wetu mtakumbuka tulivyogombania gazeti la Sani ili tuone Lodi Lofa na Madenge wamefanya nini. Tulicheka kwa sababu tuliwajua watu wa namna ile mitaani kwetu. Hiyo ndiyo nguvu ya kibonzo: humwonyesha mtu kwa haraka, bila hotuba.

Huko Marekani, Charles Schulz, ambaye mwenyewe alikuwa mtu mwenye haya, alianza mwaka 1950 kuchora vibonzo vya mtoto aitwaye Charlie Brown. Mtoto huyu hula chakula chake cha mchana peke yake kwenye benchi la shule, akijipa moyo kwenda kumsemesha msichana mmoja mwenye nywele nyekundu, na kengele hulia kabla hajainuka. Schulz aliendelea kwa karibu miaka 50, hadi alipofariki mwaka 2000, na watu wa nchi nyingi walijiona katika mtoto yule.

Huko Ufini, mwaka 2015 mama mmoja mchoraji, Karoliina Korhonen, alianza kuchora mtu aitwaye Matti. Matti anataka kutoka nyumbani, lakini jirani amesimama ukumbini, basi anangoja nyuma ya mlango mpaka jirani aondoke. Dukani wanagawa chakula cha kuonja bure. Anakitamani, lakini itabidi azungumze na mwuzaji! Wafini walicheka kwa kujitambua. Vibonzo hivyo vilipofika China vikapendwa na vijana wengi, hata wakawa wanajiita Wafini wa moyoni. Kumbe mtu wa Matti yuko hata katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja.

Katika mifano hii tunajifunza mambo matatu. Kwanza, mkimya ambaye hawezi kueleza mbele ya watu, karatasi humsemea. Pili, kicheko hulegeza hukumu: baba aliyesema "kiburi" akishacheka hawezi kukasirika vile vile. Tatu, mkimya mwenyewe akiona kibonzo cha namna hiyo hujua kwamba hayuko peke yake duniani.

KOSA LETU WODINI

Ndugu wasomaji, hapa tunakiri kosa letu sisi wauguzi. Miaka ya nyuma tulimlaza mzee mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri. Alikuwa mkimya sana. Kila tulipopita usiku tulimwuliza, "Hujambo, baba?" naye akajibu, "Sijambo." Tulimsifu kuwa ni mgonjwa mzuri, asiyesumbua. Alfajiri tukakuta tumbo lake la chini limevimba na jasho linamtoka. Tangu atoke chumba cha upasuaji hakuwa amekojoa. Tulimwekea mpira, ukatoka mkojo zaidi ya lita moja. Mkojo kuziba baada ya upasuaji hutokea, na kibofu kikijaa kupita kiasi misuli yake huweza kudhurika. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Mlinisalimu, nikaitikia. Nikaona mna kazi nyingi, nisiwasumbue."

Alisema kweli. Tulimsalimu tu; hatukumwuliza hali. Katika lugha yetu "sijambo" ni adabu, si jibu la daktari.

Baada ya tukio hilo kijana wetu mmoja wa maabara alituchorea kibonzo, tukakibandika wodini. Mgonjwa amelala, tembo amekaa juu ya tumbo lake. Muuguzi anauliza, "Hujambo?" Mgonjwa anajibu, "Sijambo, Sista." Tembo anasema, "Hata mimi sijambo." Wagonjwa walikicheka sana. Lakini siku zilizofuata tulianza kusikia maneno mapya vitandani: "Sista, leo tembo yupo." Tukajua pa kuanzia. Nasi tukaanza kuuliza sawasawa: Umekojoa mara ngapi? Unaumwa wapi? Umelala?

Njia hii si ngeni katika uuguzi. Mwaka 1983 huko Oklahoma, Marekani, Donna Wong na Connie Baker walitengeneza nyuso sita za kuchora, kuanzia inayotabasamu (0, hakuna maumivu) hadi inayolia (10, maumivu makali kabisa), ili mtoto asiyeweza kueleza aonyeshe kwa kidole. Nyuso hizo hutumika katika hospitali nyingi duniani, hata kwa watu wazima.

MFANYE NINI NYUMBANI?

(a) Mpeni mkimya karatasi, msimlazimishe. Mwambieni achore siku moja ya maisha yake: sokoni, shuleni, siku ya wageni. Michoro ya vijiti yatosha.

(b) Mchoro ni mali yake. Msiuonyeshe majirani wala kuupiga picha na kuusambaza kwa simu bila ruhusa yake. Akiona umesambazwa hatachora tena, na pengine hatawaamini tena.

(c) Kicheko kiangukie tukio, si mtu. Tunacheka sabuni inayooshwa; hatumcheki binti. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipokuwa mwanafunzi, wenzake walimwita ng'ombe bubu kwa sababu alikuwa mnene na mkimya. Huko kulikuwa kumcheka mtu. Inasimuliwa kwamba mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, aliwajibu kuwa mlio wa ng'ombe huyo utasikika dunia nzima. Mwaka 1567 Kanisa lilimtangaza Tomaso kuwa Mwalimu wa Kanisa.

(d) Baada ya kucheka, patanisheni jambo moja dogo. Mama yule na binti yake walikubaliana hivi: binti atatoka kuwaamkia wageni wote, "Shikamoo" moja moja kwa heshima, atakaa nao kidogo, kisha ataruhusiwa kurudi jikoni. Adabu ikabaki, na mtoto akapumua. Mkimya naye ana wajibu wa kukutana na wenzake nusu ya njia.

(e) Wachangamfu nao wachore! Mtoto msemaji naye ana siku zake za taabu, na ni vizuri mkimya amcheke kidogo kwa zamu yake.

UKIMYA WA KUTIA WASIWASI

Sasa tuseme lililo zito. Neno la kukumbuka ni MABADILIKO. Mtu aliyekuwa mkimya tangu utotoni, anayekula, kulala na kufurahia kazi zake, huyo ndivyo alivyoumbwa. Lakini mtu aliyekuwa na kawaida yake, kisha akabadilika, aangaliwe. Mleteni kituo cha afya mkiona haya:

– Huzuni, au kutofurahia hata yale aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, au kuchoka bila kazi. Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu.

– Mtoto aliyenyamaza ghafla, anayemwogopa mtu fulani au mahali fulani, au aliyeanza tena kukojoa kitandani. Huenda ametendewa vibaya. Msikilizeni kwa upole, msimkaripie.

– Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, au wa mwaka mmoja na nusu asiyesema neno hata moja. Apimwe masikio na maendeleo yake.

– Mzee aliyeacha mazungumzo. Mara nyingi hasikii vizuri, naye anaona aibu kusema, "Rudia."

– Mtu yeyote anayesema au kuchora kwamba ni afadhali afe. Huo si mzaha hata kama umechorwa kwa kuchekesha. Msimwache peke yake, ondoeni karibu naye dawa, sumu za shambani na kamba, na mleteni siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo, mtazame mchoro mara mbili: mara ya kwanza mcheke, mara ya pili mwulize mchoraji, "Na hapa ulijisikiaje?" Kisha mnyamaze. Mkimya huhitaji muda kabla ya kujibu, nasi wasemaji aghalabu tunamjibia.

TUMALIZE

Bwana wetu alilishwa kwenye karamu za watu, lakini Injili ya Marko inatuambia pia kwamba aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo watu kusali. Na Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa familia zetu, Injili haziandiki hata neno moja alilolisema. Tunamjua kwa matendo yake tu. Nyumba ya Nazareti ilikuwa na nafasi kwa mtu mkimya. Na zetu ziwe nayo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani mkimya katika nyumba yetu? Tumewahi kumwita kwa jina gani lililomwumiza?

2. Wakati wa sala za Jumuiya, tunawapaje nafasi wale wasiopenda kusema mbele ya watu?

3. Jirani anapojibu "Sijambo", tunajuaje kama tembo yupo au hayupo?