Gari la Pili Nyumbani: Lipia Bima Kulingana na Kazi Yake

Mteja wetu, wiki hii tunaongea na nyumba zenye magari mawili. La kwanza linaenda kazini kila siku. La pili, mara nyingi Vitz au Probox ya miaka mingi, linapeleka watoto shule au linangoja Krismasi liende ushago. Bima zote mbili zikiisha mwezi mmoja, mtu husema, "Hilo lingine tutalilipia baadaye, si halitoki sana?"

Kutoka mara moja tu kunatosha. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inakataza kutumia gari barabarani, au kumruhusu mtu mwingine alitumie, bila bima ya mtu wa tatu, ile wengi tunaita thadi pati. Angalia hapo pa "kumruhusu": ukimpa shemeji ufunguo aende dukani, makosa ni yenu wote wawili. Na faini ndiyo shida ndogo. Akigonga mtu wa boda, fidia inaweza kutafutwa kwenye shamba na akiba yenu.

Sasa tuulizane, hilo gari linafanya kazi gani hasa?

Kama thamani yake imeshuka na halina mkopo wa benki, thadi pati inaweza kutosha. Tufanye hesabu ya mfano: gari la shilingi 600,000, bima kamili ikitozwa asilimia 4, ni 24,000 kwa mwaka. Lakini kampuni nyingi zina kiwango cha chini cha bima kamili, kwa hivyo gari la bei ndogo linaweza kutozwa zaidi ya hapo. Thadi pati ni nafuu kwa mbali. Ujue tu kwamba gari likiibwa au likigonga mti, hasara ni yako. Kuna pia ya katikati, inayoongeza moto na wizi. Watu huisahau, na kwa gari linalolala nje ya geti sisi tungeiulizia hiyo kwanza.

Gari linalokaa miezi chini ya mwembe bila kuguswa? Ulizia bima ya mwezi mmoja, ulipe ule mwezi wa safari. Lakini kama linatoka kila wiki, jumlisha miezi 12 kisha ulinganishe na bei ya mwaka. Kwa kawaida mwaka ni rahisi.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: kwa gari la kibinafsi, sheria hailazimishi bima iwafidie abiria wasiolipa nauli. Yaani watoto waliokaa nyuma wanaweza kuwa nje ya bima kabisa. Uliza kuhusu nyongeza ya abiria kabla ya kulipa.

Kuna "ujanja" ambao si nafuu. Ukichukua bima kamili ya gari la 800,000 ukiliandika 400,000, siku ya ajali kampuni inaweza kukulipa nusu tu ya hasara. Na gari lenye bima ya kibinafsi likianza kubeba wateja wa teksi jioni, madai yako yanaweza kukataliwa.

Tukija kwa malipo, ambapo ndipo tunapojua zaidi: bima haianzi mpaka kampuni ya bima yenyewe ipokee pesa. Tuma kwa Paybill ya kampuni, usitume kwa nambari ya simu ya wakala, hata awe rafiki wa siku nyingi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Tozo za serikali juu ya bei ni ndogo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Kwa bima ya 7,500 hiyo ni kama shilingi 74. Ukiitishwa mia tano ya "ushuru", uliza ni ya nini.

Cheti kikifika kwa simu, linganisha nambari ya gari, tarehe na aina ya matumizi, kisha pigia kampuni uthibitishe. Fanya hivyo kabla gari halijatoka getini.