Saa 10,000 za pampu ni miaka mingapi?

SWALI: Tunamwagilia mashamba yetu hapa Garsen kwa maji ya Mto Tana. Mita ya injini ya pampu inaonyesha saa 10,000. Hiyo ni miaka mingapi? – Mkulima, Garsen

JIBU: Gawanya kwa 24 upate siku: 10,000 ÷ 24 ni siku 416 na saa 16. Mwaka una siku 365, yaani saa 8,760. Kwa hiyo ni mwaka 1, siku 51 na saa 16.

Lakini mita huhesabu tu muda injini inapozunguka. Ikizunguka kwa muda wa saa 8 kila siku, gawanya kwa 8: siku 1,250, karibu miaka 3 na miezi 5. Huo ndio umri wake shambani.

Kwa matengenezo, fuateni saa za mita. Kitabu cha injini kikisema oili ibadilishwe kila baada ya saa 250, kwa saa 8 kwa siku ni karibu kila siku 31. Andikeni tarehe na namba ya mita kila mnapobadilisha.