Chui, Chui Milia na Mtu Mkali

Murongo ni mji mdogo katika Wilaya ya Kyerwa, kando ya mto Kagera; ng'ambo ya mto ni nchi ya Uganda. Katika wilaya hiyo limo pori la Ibanda, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Katika mapori kama hayo hukaa chui.

Chui ana madoa. Hutembea peke yake, na huwinda zaidi usiku. Akiisha kuua swala, mara nyingi humpandisha mtini, ili fisi wasimnyang'anye.

Chui milia ni mnyama mwingine, mkubwa kuliko chui. Yeye hana madoa, ana milia myeusi, na makao yake ni misitu ya Asia, kama ile ya Bara Hindi. Katika mapori ya Afrika hayumo, lakini jina lake limefika.

Watu wakimwona mtu mkali husema, "Yule ni chui." Je, mfano huu ni wa haki? Chui huua apate chakula. Akisikia sauti za watu, kwa kawaida hujificha. Aliyejeruhiwa, au jike mwenye watoto, ni wa hatari sana. Lakini huyo hujitetea tu. Mtu mkali huwaumiza wenzake hali ameshiba, wala hakuna aliyemtisha.

Katika jeshi la Idi Amin wa Uganda vilikuwamo vikosi vilivyoitwa Simba, Chui, na Tiger, yaani chui milia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1978 jeshi hilo liliingia Kagera kwa nguvu. Likaua raia, likateka ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Ndipo Tanzania ikajibu vita. Tarehe 11 Aprili 1979 mji wa Kampala ukatekwa, naye Amin akakimbia nchi yake. Majina yale ya kutisha hayakumfaa kitu.

Wahenga walisema, "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Basi, mtoto akisikia mtu anasifiwa kuwa ni chui, na aulize kwanza: ukali wake umemlinda nani?

Maswali
1. Chui na chui milia hutofautianaje?
2. Chui huwa wa hatari zaidi wakati gani?
3. Ukali wa chui na ukali wa mtu hutofautianaje?