Pampu ya Usukani: Ifanyavyo Kazi na Namna ya Kuitengeneza Upya

Katika makala haya tutaieleza pampu ya usukani wa haidroliki, ambao madereva huuita pawa, na namna pampu hiyo iwezavyo kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa sili mpya nyumbani au katika karakana ya shule. Magari mengi mapya husaidiwa na mota ya umeme wala hayana pampu hii. Lakini yale yaliyokwisha kutumika ng'ambo na kuingizwa kwetu, pamoja na malori na mabasi, bado yanayo kwa wingi. Usukani wa aina hii ulionyeshwa garini mwaka 1926 na mhandisi wa Kimarekani, Francis W. Davis, ingawa gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa nao, Chrysler Imperial, lilitoka mwaka 1951.

Watu husema kwamba pampu hutengeneza kanieneo, yaani kani inayoangukia kila kipimo cha eneo. Kwa kweli pampu husukuma mafuta tu. Kanieneo huzuka pale mafuta yanapozuiwa njia, kama ajuavyo kila mtu aliyewahi kuziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba. Gari linapokwenda moja kwa moja, mafuta huzunguka na kurudi koponi bila kizuizi kikubwa. Dereva akizungusha usukani, vali hubana njia ya kurudi, kanieneo hupanda, na mafuta huisukuma pistoni iliyounganishwa na magurudumu. Kanieneo ikifika baa 40, yaani Newtoni 400 kwa kila sentimita mraba, na pistoni ikiwa na eneo la sentimita mraba 8, kani itakuwa Newtoni 3,200. Huo ni uzito wa kilo 320 hivi, na dereva ametumia vidole tu.

Ndani ya kasha mna rota yenye mifereji, aghalabu 10, na katika kila mfereji kibapa cha chuma kinachoteleza. Rota huzunguka ndani ya pete yenye tundu la duaradufu, na vibapa hutupwa nje hata vikagusa ukuta wa pete. Nafasi baina ya vibapa viwili inapopanuka, mafuta huvutwa. Inapobanwa, husukumwa nje. Kwa kuwa tundu ni duaradufu, jambo hili hutukia mara mbili kwa kila mzunguko, katika pande zinazokabiliana, hivyo kani za upande huu husawazishwa na za upande ule, na beringi ya shafti haielemewi. Mwalimu wa hisabati anayetafuta matumizi ya duaradufu asiende mbali.

Tuseme pampu yetu husukuma sentimita za ujazo 10 kwa kila mzunguko, na puli yake inazunguka sawa na injini. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika tutapata lita 8. Ikizunguka mara 3,000, lita 30. Lakini gari huhitaji msaada mkubwa zaidi linapoegeshwa, si linapokimbia. Kwa hiyo mna vali ya kudhibiti mtiririko, inayorudisha ziada kwenye njia ya kuvutia, na ndani yake vali ya usalama. Hii hufunguka pale dereva anapokaza usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo. Katika baa 80 na lita 8 kwa dakika, nguvu inayogeuka joto hukaribia kilowati 1, sawa na pasi ya umeme. Lita moja ya mafuta huhitaji kilojouli 1.7 hivi ili ipande nyuzi moja. Basi nusu dakika tu yatosha kuipandisha kwa nyuzi 18. Hivyo ndivyo sili zinavyokauka na kupasuka kabla ya wakati wake.

Kabla ya kufungua chochote, tazama mkanda, kiasi cha mafuta, na kichujio kilichomo koponi. Pampu nyingi zimehukumiwa bure. Mngurumo pamoja na povu koponi ni dalili ya hewa, na hewa huweza kupenya hata kwenye sili ya shafti, kwa sababu upande wake wa ndani umeunganika na njia ya kuvutia. Sili ya bei ndogo yaweza kumfanya mwenye gari anunue pampu nzima.

Ikithibitika kuwa pampu ndiyo mbovu, ngoja injini ipoe, mwaga mafuta, uitoe. Puli ivutwe kwa kifaa chake, isigongwe nyundo. Tia alama pande za kasha, pete na rota zinazotazamana, kisha panga vipande juu ya karatasi safi kwa utaratibu vilivyotoka. Osha kwa mafuta ya taa, wala usitumie kitambaa kinachoacha nyuzi. Mwanya kati ya kibapa na mfereji wake huwa kama milimita 0.03, pungufu ya nusu ya unene wa unywele. Chembe moja ya mchanga yatosha kukikwamisha. Vali ikipakwa mafuta yapasa iteremke tunduni kwa uzito wake yenyewe.

Pitisha ukucha ndani ya pete. Ukikwama kwenye mkwaruzo, kazi ya nyumbani imefika mpaka wake, na pampu nyingine haina budi kununuliwa. Usijaribu msasa: huondoa mkwaruzo pamoja na kipimo.

Sili kuukuu ing'olewe bila kukwaruza kasha. Mpya iingizwe taratibu kwa jiliwa na kipande cha bomba chenye upana wake, mdomo wake ukielekea ndani kwenye mafuta. Oringi zote zibadilishwe na kupakwa mafuta yale yale ya usukani. Vibapa virudi ncha za mviringo zikitazama pete, vikigeuzwa, vitaitafuna.

Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Magari mengi hutumia ya giaboksi ya otomatiki, mengine yana ya kwao. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe, hata kwa dharura, kwani yale ya kawaida huvimbisha mpira wa sili hizi.

Pandisha magurudumu ya mbele juu ya stendi imara. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole toka mwisho hadi mwisho mara kadhaa, ukiongeza mafuta, mpaka povu litoweke; kisha washa. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja, maana mafuta yenye kanieneo kubwa huweza kutoboa ngozi. Nayo yakidondokea ekzosi ya moto huweza kuwaka. Jaribu gari kwanza kwenye uwanja mtupu. Pampu ikikata, usukani bado hugeuka, ila huwa mzito ghafla, na konani si mahali pa kujifunza hilo.

Zoezi: Pampu husukuma sentimita za ujazo 9 kwa kila mzunguko. Puli ya injini ina kipenyo cha sentimita 15, ya pampu sentimita 12. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika na usukani ukihitaji lita 8 tu, ni lita ngapi zitakazorudishwa na vali?