SOMO LA AFYA: Chunusi, Dawa na Madoa ya Ngozi

Kijana anayeanza kutibu chunusi huwa na nia moja tu: uso urudi kuwa laini. Anapojitazama kwenye kioo baada ya wiki tatu na kuona mabaka meusi mashavuni, huingiwa na hofu. Wengine huitupa dawa. Wengine hukimbilia sokoni kutafuta krimu ya kung'arisha uso, na hapo ndipo balaa huanzia. Somo hili linaeleza chanzo cha madoa hayo, yapi ni ya kawaida na yapi yanahitaji daktari.

Weusi hutoka wapi?

Rangi ya ngozi hutokana na melanini. Chunusi hutokea kitundu cha ngozi kinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa, kisha ngozi ikavimba. Ngozi nyeusi ikivimba au kuumia, hutengeneza melanini kwa wingi mahali hapo. Chunusi inapopona, doa hubaki. Doa hilo si kovu. Hufifia lenyewe, ingawa huchukua miezi kadhaa na mara nyingine zaidi ya mwaka.

Kutumbua chunusi kwa kucha huzidisha madoa. Dawa inayopakwa kupita kiasi huleta tatizo lilo hilo: ngozi hubabuka, na palipobabuka hugeuka peusi.

Dawa za chunusi na athari zake

Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi. Huweza kukausha na kuwasha ngozi. Pia huondoa rangi ya nguo, hivyo hijabu, taulo na foronya zinaweza kupata mabaka meupe. Ni vyema kuacha dawa ikauke kabisa kabla ya kuvaa au kulala.

Tretinoini na adapalini huzibua vitundu vya ngozi. Wiki za kwanza ngozi huweza kuwa nyekundu na kuchubuka. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha uso mzima, usiku. Mwenye ngozi nyepesi kuwashwa huanza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mwingine. Mama mjamzito hapaswi kuzitumia.

Doksisaiklini ni kidonge kinachofanya ngozi iungue haraka juani. Minosaiklini, dawa ya jamii hiyo hiyo, huweza kuacha rangi ya kijivu au samawati kwenye makovu, miguuni au usoni, hasa ikitumiwa kwa muda mrefu. Rangi hiyo huchelewa sana kutoka, kwa hivyo anayeiona amwone daktari mapema. Dawa hizi hazifai kwa wajawazito wala watoto wadogo, kwani huweza kubadilisha rangi ya meno yanayokua.

Isotretinoini hutolewa kwa chunusi kali na chini ya uangalizi wa daktari pekee. Huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Haifai kabisa kuazimana vidonge hivi.

Jua la Garissa

Kaunti yetu iko karibu na ikweta, na jua lake ni kali mwaka mzima. Jua hufanya doa jeusi kuwa jeusi zaidi. Anayetumia dawa ya chunusi atafute kivuli saa za mchana, ajifunike kwa hijabu, mtandio au kofia pana, na akiweza apake mafuta ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi. Bila kinga hiyo, matibabu huwa ni kujaza maji kwenye pakacha.

Hatari ya krimu za kung'arisha

Krimu nyingi zinazosifiwa kuwa za madoa huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi nchini Kenya.

Haidrokwinoni ikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huweza kugeuza ngozi kuwa ya samawati iliyokolea, na hali hiyo ni ngumu kuitibu. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito huweza kuipitisha kwa mtoto tumboni. Lebo inayotaja Hg, au inayoonya krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini, ni ishara ya zebaki. Steroidi kama betamethasoni na klobetasoli hung'arisha kwa siku chache, kisha ngozi huwa nyembamba, ikapata michirizi na chunusi mpya. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiache ghafla bila ushauri, kwani uso huweza kuwaka na kuvimba.

Krimu isiyo na lebo, au iliyochanganywa na muuzaji kwenye kikopo, isinunuliwe hata ikisifiwa vipi.

Qasil na huruud

Akina mama wengi hapa hutumia qasil, unga wa majani ya mkunazi, kuoshea uso, na huruud, yaani manjano. Anayetumia dawa ya chunusi asisugue uso kwa nguvu kwa unga huo, kwa sababu ngozi yake tayari ni nyepesi kuumia. Manjano nayo huacha rangi ya muda inayoweza kumchanganya mtu akadhani ni athari ya dawa.

Nini cha kufanya

Chunusi huhitaji subira. Dawa nyingi huchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha matokeo. Ngozi ikiwasha kidogo, punguza kiasi au ruka siku moja. Ikivimba, kutoa malengelenge au macho yakifura, acha dawa na uende kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Beba dawa na pakiti yake.

Nunua dawa katika duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Ukipata athari, mwambie mhudumu wa afya ili aripoti kwa Bodi hiyo. Ripoti yako huweza kumwokoa mwingine.

Baka jeupe lisilohisi mguso, joto wala maumivu halitokani na chunusi. Huweza kuwa ukoma, ugonjwa unaotibika kabisa ukigunduliwa mapema. Usilifiche wala kulipaka krimu.

Wazazi nao wasiwacheke vijana wenye chunusi. Kijana anayedhihakiwa nyumbani hununua krimu kwa siri, na madhara yake hujulikana yakiwa yamekwisha kuenea. Akisikilizwa na kupelekwa kituo cha afya mapema, madoa mengi huisha bila kuacha alama.