Kwa Nini Bomba Kuu Husuuzwa

Mwananchi akiona maji yakibubujika kutoka bomba kuu huku mafundi wakiyatazama, huenda akadhani ni uzembe. Mara nyingi hiyo ni kazi ya kusuuza bomba, nayo hulinda afya ya wanywaji.

Maji yanapotoka chanzoni hubeba chembe ndogo za udongo, na mabomba ya chuma huongeza kutu. Maji yakienda polepole, chembe hizo hutuama. Katika milima ya Umatengo, ambako skimu nyingi ni za mserereko, tope hukusanyika pale bomba linapovuka bonde. Tope hilo hula klorini iliyowekwa kuua vijidudu, na vijidudu hupata maficho. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochotea.

Kusuuza huanzia karibu na tenki na kuelekea mwisho wa mtandao, ili maji safi yasukume machafu. Vali za pembeni hufungwa, maji yote yapite njia moja kwa kasi. Kisha koki ya kutolea tope hufunguliwa bondeni. Maji yakishakuwa maangavu, klorini hupimwa na vali hurejeshwa. Ncha za mtandao zisizo na watumiaji wengi huhitaji kusuuzwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa maji hulala humo.

Vijijini kazi hii ni wajibu wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Ada ya maji ndiyo humlipa fundi na kununua vali. Skimu isiyochangiwa husuuzwa pale tu inapoharibika.

Mwananchi anashauriwa:

1. Kuhifadhi maji ya kutosha kabla ya siku iliyotangazwa.
2. Kufunga koki zote wakati wa kazi, tope lisiingie nyumbani.
3. Maji yakirudi, kuyaacha yatiririke hadi yawe maangavu kabla ya kujaza ndoo au kufua nguo nyeupe.
4. Kutoa taarifa kwa mtoa huduma rangi ikiendelea.

Wangavu pekee hauthibitishi usalama, kwa maana vijidudu havionekani kwa macho. Maji ya kunywa yachemshwe, hasa masika, na asiwepo anayerudi kijitoni kwa sababu bomba limetoa maji ya kahawia kwa saa chache.